Anamwimba Nani? Kinanda cha Umeme na Masikio ya Garsen

Wazee wa Gasa wa Wapokomo, wazee wa Matadeda wa Waorma, mama zangu mliokaa mbele, nanyi vijana mlioamua kuegemea mlango ilhali viti vipo: nawashukuru kwa kuja. Jua la saa tisa la Garsen halina huruma na ukumbi huu una feni moja, kwa hiyo sitawachosha kwa salamu.

Nimetakiwa nizungumze habari za muziki na siasa. Nadhani walionialika walitazamia nianzie Nairobi, kwenye wanamuziki wenye majina na mikutano yenye majukwaa. Nairobi nitaipitia, lakini kwa haraka, kama basi la Lamu linavyoipita Minjila. Mimi nitaanzia hapa steji.

Kuna kibanda pale kinachouza vocha na chaja, na ukitoa shilingi chache unajaziwa nyimbo kwenye memori kadi. Mwenye kibanda ana spika moja kubwa aliyoigeuzia barabara. Jioni moja nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka hapo, kwenye benchi la mama muuza maembe, nangoja gari la Malindi. Wimbo ukawekwa. Kinanda cha umeme kiliingia juu kabisa, chembamba kama filimbi ya mchungaji, chini yake ngoma za mashine zikaanza kukimbia, kisha ikaja sauti ya mwanamume ambayo haikuwa ikiimba hasa. Ilikuwa kama mtu anayetoa malalamiko mbele ya wazee, anajizuia asilie. Kijana wa bodaboda, Morma, alikuwa akibishana bei na abiria. Akanyamaza katikati ya neno. Mama muuza maembe, Mpokomo kama mimi, alikuwa ameanza kutikisa bega. Bega lilicheza kama mistari miwili, kisha likasimama. Akanigeukia, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu anamwimba nani?"

Sikuwa na jibu. Yote nitakayoyasema leo ni kumjibu yule mama.

Kwanza tulitazame swali lenyewe, maana ni swali la Kipwani kweli kweli. Sisi huku hatuhesabu kwamba tumeusikia wimbo mpaka tumjue aliyeimbwa. Taarabu, kuanzia Lamu hadi Unguja, imesimama juu ya msingi huo. Mwanamke anainuka kitini kwenda kutunza, noti imesimama kati ya vidole viwili, anatembea taratibu kuliko inavyohitajika. Ukumbi mzima haumtazami mwimbaji. Unamtafuta yule ambaye noti ile imeelekezwa kwake. Maneno ya wimbo ni ya ua, au ya chombo kilichokwenda mrama, au ya paka aliyezoea maziwa ya jirani. Ugomvi ni wa mtaa, una majina na milango. Mtunzi anaweza kuapa kwamba alipoandika hakuwa na mtu akilini. Kiapo hicho hakimsaidii. Waliokaa ukumbini wameshakata shauri.

Kwa hiyo mama wa maembe hakuwa na nongwa. Alikuwa akisikiliza kama alivyofunzwa kusikiliza.

Aliyekuwa akiimba ni Hachalu Hundessa, mwimbaji Mworomo wa Ethiopia. Alizaliwa Ambo, magharibi ya Addis Ababa. Alipokuwa na miaka 17 alitiwa jela kwa sababu za kisiasa, akakaa humo miaka mitano. Albamu yake ya kwanza, Sanyii Mootii, ilitoka mwaka 2009, na nyimbo zake alizitunga akiwa gerezani. Ya pili, Waa'ee Keenya, ikatoka 2013. Mwaka 2015 akatoa wimbo mmoja, Maalan Jira, kichwa ambacho kwa Kiswahili chetu ni kama kusema: mimi nina maisha gani? Ni kilio cha watu waliosukumwa nje ya ardhi yao kadiri Addis Ababa ilivyokuwa ikinenepa. Haukupita mwaka, vijana wa Oromia wakamiminika barabarani kupinga mpango wa kuupanua mji ule. Desemba 2017 akapanda jukwaani hapohapo Addis Ababa, wakuu wa Oromia wamekaa mbele, runinga inarusha moja kwa moja, akawaimbia kwamba watu wapo na wamefika mlangoni, sasa viongozi wanangoja nini? Huo ni muhtasari wangu. Maneno yake yalikuwa makali zaidi. Usiku wa Juni 29, 2020, alipigwa risasi mjini Addis Ababa akafa. Katika fujo zilizofuata walikufa watu zaidi ya 160. Serikali ikazima intaneti kwa wiki kadhaa. Hata London, kwenye bustani ya Wimbledon, sanamu ya Haile Selassie ilivunjwavunjwa. Mwaka 2021, yeye yuko kaburini, ikatoka albamu yake ya tatu, Maal Mallisaa. Kijana wa bodaboda aliniambia kwamba ule wimbo wa pale steji unatoka humo.

Baada ya jioni ile nimekuwa nikiuliza watu. Si utafiti, sina dodoso wala jedwali. Nilikuwa na simu, kikombe cha chai, na subira ya mwalimu mstaafu. Namchezea mtu nyimbo mbili tatu, kisha namwacha aseme.

Mzee mmoja wa Kiorma, mfugaji aliyeshuka na ng'ombe wake hadi malkani, njia ya mifugo kwenda mtoni, alisikiliza mpaka mwisho macho yamefumbwa. Nikadhani ameguswa. Kumbe amekasirika. Aliniambia kwamba sauti ni ya mwanamume, maneno ni ya mwanamume, lakini kile kinanda ni cha harusi ya mjini. Kwake yeye maneno mazito huimbwa na mtu aliyesimama, ana fimbo, na watu wanaitikia kwa koo. Waoromo huuita uimbaji huo geerarsa: nyimbo za kujigamba, za kusimulia vita na ng'ombe na ukoo, ambazo hazitaki chombo chochote isipokuwa kifua. Mzee alisema ukilitia neno kama hilo kwenye mashine, mashine inalikata makali. Ataishia kulicheza mtu asiyejua lilitokea wapi.

Nakubali nusu ya kauli yake. Mseto wa umeme una tabia ya kulainisha. Kinanda kile hakijui robo za sauti wala mkwaruzo wa koo. Kina vitufe vyeusi na vyeupe, na ukitaka kupita katikati ya vitufe viwili hakuna njia. Ngoma ya mashine haipumui. Mpigaji wa kweli huchelewa kidogo pale mwimbaji anapochelewa, lakini programu huenda mbele haijali. Kwenye nyimbo mbili za albamu ile nasikia kabisa mwimbaji anakimbizwa na mapigo yake mwenyewe, na hilo ni kosa la studio.

Lakini nusu ya pili siikubali, na sababu ni bega la yule mama. Nyimbo nyingi za Kioromo zimesimama juu ya sauti tano na mapigo yanayohesabika sita. Chakacha yetu nayo ni sita. Mwanamke aliyekua akisikia chakacha kwenye harusi za Kipini na Witu hahitaji mkalimani ili bega lake lijibu, na ni ile mashine iliyolaumiwa ndiyo iliyoyachonga mapigo sita yakasikika wazi hadi barabarani, juu ya honi za mabasi. Geerarsa tupu, bila kinanda, ingepigwa pale steji, Mpokomo angesikia mtu anapiga kelele kwa lugha ya jirani. Kinanda kilimfungulia mama mlango. Aliingia hatua mbili ndani ya wimbo wa watu wengine, kisha akasimama akauliza mwenye nyumba ni nani.

Kijana wa bodaboda naye nilimpata siku nyingine. Nilitarajia aniambie wimbo ule ni wake. Alicheka. Alisema yeye anaelewa kama nusu. Kiorma chake ni Kioromo cha huku Tana, kimefanana zaidi na Kiborana; Hachalu anasema Kioromo cha Ambo, na pale anapotumia mafumbo ya huko kijana anabaki ameshika hewa. Kuhusu Addis Ababa hajali sana, hajawahi kufika hata Moyale. Anachokipenda, alisema, ni kusikia maneno ambayo nyumbani kwao husemwa ndani ya boma, sasa yanatoka kwenye spika kubwa, yana ngoma, kama nyimbo za watu wengine wote. Kisha akaongeza jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi: kwamba akiwa na abiria Mpokomo huupunguza sauti. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Hapo ndipo siasa ya wimbo ule ilipo, wazee wangu. Haikuja kutoka Ambo. Tuliifuga wenyewe.

Mnajua ninazungumzia nini: mapigano yetu, Wapokomo na Waorma. Agosti 22, 2012, Riketa: zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa alfajiri. Septemba 7, Chamwanamuma. Siku tatu baadaye Kilelengwani, ambako hata polisi waliuawa. Desemba 21, Kipao. Sitasema nani alianza, kwa sababu kila mmoja humu ana tarehe yake ya kuanzia, na tarehe ya kila mmoja ni ya kweli kwake. Tulisema ni malisho na mashamba, ni njia za ng'ombe kwenda mtoni, ni wanasiasa, ni uchaguzi wa 2013 uliokuwa unakuja. Mwaka huohuo wa 2012 Delta yetu ya Tana iliandikwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ardhi oevu yenye thamani kwa dunia nzima. Ndege wetu walipata ulinzi wa kimataifa mwaka uleule ambao sisi tulikuwa tunalala porini.

Miezi ile ilitufunza usikivu wa aina yake. Ukisikia ng'ombe usiku, unahesabu kengele. Ukisikia lugha, unapima umbali. Mimi mwenyewe nilikuwa na kaseti ya Ali Birra, niliyopewa na mwalimu mwenzangu Morma tulipokuwa tunafundisha pamoja. Mnamjua Ali Birra: alianza utotoni na kundi la Afran Qallo huko Dire Dawa, miaka ya mwanzo ya 1960, wakati kuimba Kioromo hadharani kulikuwa ni jambo la kumtia mtu matatani, akaendelea mpaka alipofariki Novemba 2022. Ni nyimbo za mapenzi nyingi zile, gitaa na udi, tamu kupita kiasi. Nilikuwa nikizipiga jioni nikisahihisha madaftari. Septemba 2012 nilitoa kaseti ile kwenye redio, nikaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikaitia chini ya kitanda. Hakuna jirani aliyelalamika. Nilijilalamikia mwenyewe kwa niaba ya majirani. Mtu anaimba kwamba usingizi umempaa kwa ajili ya msichana wa Harar, na mimi Mpokomo wa Ngao naogopa ataniletea balaa.

Kaseti ilikaa huko miaka miwili. Nilipoitoa utepe ulikuwa umeshikana kwa unyevu.

Kwa hiyo mama alipouliza anayeimbwa ni nani, alichotaka kujua ni kama anayeimbwa ni yeye. Jibu la kweli ni hapana. Waliokuwa akilini mwa Hachalu ni wakubwa wa Addis Ababa, na wafalme wa kale, na wale waliokula ardhi ya wakulima pembeni mwa mji. Sikilizeni neno hilo: wakulima. Waliokuwa wakifukuzwa katika wimbo ule maarufu wa 2015 ni watu wenye jembe. Kama tungefanya hesabu ya kijinga ya nani anafanana na nani, mlalamikaji katika wimbo anafanana zaidi na mkulima wa Ngao mwenye miembe yake kando ya mto kuliko mfugaji aliyeshuka malkani. Mama angemwelewa mwimbaji, angemwitikia. Kilichomzuia ni kwamba lugha ya wimbo, hapa kwetu, imekuwa na sura ya mtu mmoja tu: kijana mwembamba, fimbo mabegani, ng'ombe mbele.

Na sura hiyo ni ya uongo. Kioromo katika kaunti hii si mali ya mfugaji peke yake. Wamunyoyaya ni wavuvi na wakulima wa kando ya mto, na lugha yao ni hiyohiyo. Wawaata walikuwa wawindaji, na lugha yao ni hiyohiyo. Wapokomo wa juu, ndugu zetu wenyewe, wengi wanasema Kiorma bila kujikwaa. Halafu kuna Wailwana, tunaowaita Wamalakote. Derek Nurse, mtaalamu wa lugha, alitoa kitabu mwaka 2000 ambacho nusu yake kinahusu Kiilwana: lugha ya Kibantu kwa mifupa, lakini iliyokaa na Kiorma muda mrefu hata ikachukua maneno yake, sauti zake na baadhi ya viungo vya sarufi yake. Nakisoma kitabu kile kama mtu anayesoma maelezo ya albamu. Wataalamu wa muziki wanauita mseto jambo jipya, la vijana na kompyuta. Tana imekuwa na mseto mdomoni kabla umeme haujafika Garsen, na umeme wenyewe mnajua ulivyochelewa.

Sasa niwaeleze habari ya mseto mwingine wa kisiasa uliotoka mtoni hapa, ambao kila mmoja wenu ameuimba akiwa amesimama wima.

Mwaka 1963 serikali ilitaka wimbo wa taifa. Iliundwa kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakutaka kuazima wimbo wa kanisani wala wa Ulaya, wakatafuta sauti ya nyumbani, wakaipata kwetu: bembelezi la Kipokomo, wimbo ambao mama humwimbia mtoto anayelia ili anyamaze. Wakalinyoosha, wakalitia sauti nne za kwaya, wakaliandikia maneno kwa Kiswahili na Kiingereza, wakalipa tarumbeta za bendi ya jeshi. Usiku wa kuamkia Desemba 12 bendera ikapanda kwa bembelezi letu.

Mimi nilianza shule miaka michache baadaye. Mama yangu alikuwa na watoto wadogo nyumbani, na lile bembelezi nililisikia kila siku jua likizama, pamoja na harufu ya moshi na samaki. Jumatatu ya kwanza shuleni tulipangwa mstari mbele ya mlingoti. Wakubwa wakaanza kuimba. Nikaisikia sauti ile, nikajua ni wakati gani. Nikapiga miayo. Si miayo ya adabu, ni ile ya kufungua kinywa mpaka machozi yatoke. Mwalimu wa zamu, jina lake namwachia Mungu, akanichapa viboko vitatu kwa kuidharau Jamhuri. Sikuidharau. Nilikuwa msikilizaji mwaminifu kuliko yeyote pale uwanjani. Mwili wangu uliukumbuka wimbo kabla haujapewa siasa.

Tangu hapo nimeamini kwamba siasa ya wimbo haimo kwenye noti. Noti zilezile zinamlaza mtoto, zinamsimamisha askari, zinamponza mwanafunzi wa darasa la kwanza. Aliyezigeuza ni anayeuweka wimbo mahali fulani, saa fulani, mbele ya watu fulani.

Nairobi inathibitisha hayo, nami niipite upesi kama nilivyoahidi. Mwaka 2002 Gidi Gidi na Maji Maji walitoa Unbwogable, neno lililoundwa kwa kuichanganya Dholuo na Kiingereza, la mtu asiyetishika. Ulikuwa wimbo wa vijana wawili wenye shida zao za kodi ya nyumba na sanaa isiyolipa. Wasikilizaji wakauchukua, upinzani ukaupigia kampeni, na mwisho wa mwaka ule utawala wa KANU uliodumu tangu uhuru ukaondoka. Juni 2024, vijana walipokuwa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, walikuwa wakiimba Anguka Nayo ya Wadagliz, wimbo wa kucheza tu, wa kuanguka chini na kuinuka. Ndani yake hamna bunge wala kodi. Waliouingiza bungeni ni wachezaji. Upande wa pili, Them Mushrooms wa Mombasa walipiga gitaa la umeme, na mwaka 1982 wakatoa Jambo Bwana, wimbo wa kumhakikishia mtalii kwamba nchi imetulia. Ilikuwa ni mwaka uleule wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1. Watu husema wimbo ule hauna siasa. Mimi sijui wimbo wa Kenya wenye siasa zaidi ya huo.

Nirudi kwa Hachalu, kwa sababu kuna swali ambalo mzee mmoja wa Gasa aliniuliza kabla sijapanda hapa, na alikuwa na haki ya kuliuliza. Kama siasa huletwa na msikilizaji, je, mwimbaji hana lawama yoyote? Ethiopia watu waliuana kwa ajili yake.

Waliuana baada yake, mzee wangu, na hilo si jambo moja na kuuana kwa ajili ya albamu. Lakini sitaki kukimbilia kivuli. Nyimbo zake zilikuwa na watu wawili kila zilipopigwa. Kijana wa Kioromo wa mwaka 2016 alisikia mtu anayesema hatimaye kwa sauti yale ambayo baba yake aliyanong'ona. Mkazi mwingine wa Addis Ababa, asiye Mworomo, mwenye duka na watoto, alisikia hodi ya mtu anayetaka nyumba yake. Wote wawili walisikia wimbo mmoja, kinanda kimoja, mapigo sita yaleyale. Mwimbaji wa kisiasa anajua kwamba huyu wa pili yupo. Akisema hajui, anadanganya. Katika Maalan Jira nasikia kwamba Hachalu alijua, kwa kuwa ule ni wimbo wa kujiuliza na si wa kunyooshea mtu kidole. Katika baadhi ya nyimbo za albamu ya mwisho sisikii sana kujiuliza huko. Labda ni yeye, labda ni mashine, na labda ni mimi, kwamba ukishajua mtu ameuawa, kila neno lake linageuka wosia.

Na hapa nina lalamiko dhidi ya wasikilizaji wenzangu. Wengi wa niliowauliza, Wapokomo kwa Waorma, walikuwa na maoni juu ya albamu ile kabla sijabonyeza simu. Mmoja aliisifu nusu saa nzima, kisha ikabainika hajasikia zaidi ya wimbo mmoja, ule uliojazwa kwenye memori ya shemeji yake. Mwingine alisema ni muziki wa chuki, nikamchezea wimbo wa tano, akauliza kama anaweza kuutumia kwenye harusi ya binti yake. Nilimwambia ni uleule muziki wa chuki. Akasema basi autafutie siku nyingine.

Mama wa maembe nilirudi kumwona. Nilimweleza yote: Ambo, jela, ardhi ya wakulima, risasi. Alisikiliza akipanga maembe yake mafungu ya matano matano. Alipofika fungu la mwisho akaniuliza kama mama yake Hachalu bado yu hai. Nikamwambia sijui. Akasema mimi ni mwalimu wa namna gani, nazijua albamu zote tatu na hilo silijui.

Nimalizie na kijana mmoja wa hapa Garsen. Jina silitaji kwa kuwa ameniomba, na kwa kuwa mama yake anadhani anasomea uhasibu. Ana programu ya kutengeneza biti kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Amechukua sita ya chakacha, ameilaza chini ya kinanda cha namna ya Kioromo, na juu yake ameweka sauti ya bibi yake akibembeleza mjukuu, lile bembelezi mnalolijua. Anataka kuutoa kabla ya uchaguzi. Nilimuuliza anamwimba nani. Akasema hajaamua.

Alikuja kwangu akitaka sauti moja tu aliyoikosa. Alitaka Ngadji.

Wazee mnajua, vijana huenda mmesikia nusu. Ngadji ni ngoma kuu ya Wapokomo, ngoma isiyopigwa bali husuguliwa, ikanguruma. Ilikuwa ya siri na ya ibada, na sauti yake iliwaita watu wa bonde zima. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902. Tangu 1908 iko mikononi mwa British Museum mjini London, kwenye ghala na si kwenye maonyesho. Watu wa ukoo uliokuwa na dhamana yake wamekwenda kuitazama huko, wakaiona kwa macho, wakarudi bila hiyo. Hakuna aliye hai aliyewahi kuisikia. Mimi nina kumbukumbu za muziki wa Tana zaidi ya mtu yeyote ninayemjua, kaseti, daftari, simu tatu zilizokufa, na Ngadji sina, kwa sababu mashine ya kunasia sauti haikuwahi kuikuta.

Nilimwambia atafute ngoma nyingine ya kusugua, Wagiriama wanayo ya kwao, aishushe sauti kwa programu. Alifikiri. Akasema hapana, hiyo itakuwa ni kumwimbia mtu uongo.

Wiki iliyopita ameujaribu wimbo wake pale kibandani. Nilikuwepo. Mapigo sita yalianza, kinanda kikaja, bibi akabembeleza, kijana wa bodaboda akaongeza sauti mwenyewe bila kuombwa, tena alikuwa na abiria. Kisha pale ambapo Ngadji ilipaswa kunguruma, kijana ameacha tupu. Hamna ngoma, hamna kinanda, hamna bibi, muda wa mtu kuvuta pumzi nne. Steji nzima ikasikika: injini, mbuzi, mtu anayeita abiria wa Hola. Mama muuza maembe akainua kichwa kuitazama spika, akadhani umeme umekatika.